Mafuta ya Gari Huishia Wapi?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta, na kila zinapopanda, ushauri nao hupanda. Badilisha plagi. Toa masega, yale yanayosafisha moshi kwenye egzosi. Jaza asubuhi na mapema. Ukiona mteremko weka nyutro. Zima AC. Tia dawa ya kusafisha nozeli zinazopuliza mafuta. Fundi anakushauri, jirani anakushauri, hata kijana wa kuosha magari ana lake, na wote wanasema kwa uhakika uleule. Mwenye gari anaufuata ushauri wote kwa mkupuo, laki mbili zinabaki gereji, na mwezi ukiisha hajui kama mafuta yamepungua kwa sababu ya plagi mpya au kwa sababu hela ya kutembelea imekwisha.

Ushauri huo si wote wa uongo. Mwingine ulikuwa kweli enzi za kabureta, kile kifaa cha zamani kilichochanganya mafuta na hewa kabla ya nozeli za kompyuta. Mwingine ni kweli ukiwa njia ya Dodoma lakini hauna maana ukiwa Kariakoo. Mwingine ni kweli kwa gari bovu tu, na lako huenda si bovu. Namna nzuri ya kuupepeta ni kuifuata lita moja ya petroli tangu inapoingia kwenye injini hadi inapokwisha, na kuuliza nani kaila.

Lita hiyo ina nishati ya takriban megajuli 32. Injini ya petroli ya kawaida, kama hizi za IST, Vitz, Premio na Allion zilizojaa barabarani kwetu, hugeuza kama robo tu ya nishati hiyo kuwa kazi ya kulisukuma gari. Robo tatu hutoka kama joto kupitia rejeta, egzosi na chuma cha injini yenyewe. Hilo limo katika maumbile ya injini, na hakuna fundi wa mtaani atakayelibadili. Kwa hiyo tunagombania robo iliyobaki, yaani megajuli 8 hivi. Zinaliwa na upepo unaolipinga gari, na matairi yanayobonyea kila yanapozunguka, na breki. Pembeni yupo mlaji mwingine asiyekupeleka popote: injini inayounguruma gari likiwa limesimama.

Mjini breki ndiyo inayokula kuliko wote, na ndiyo isiyoshukiwa. Ni kweli breki haichomi mafuta. Lakini mwendo unaouzima ulishanunuliwa kwa mafuta, na kazi yake ni kuugeuza mwendo huo kuwa joto kwenye diski na pedi. Chukua gari dogo lenye uzito wa kilo 1,200 pamoja na waliomo. Likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa limebeba nishati ya kilojuli 167 hivi. Ukilisimamisha kwa breki, zote zimekwenda. Kwa kuwa kila lita inatupa megajuli 8 tu za kazi, kusimama mara 48 kutoka mwendo huo ni lita nzima iliyoishia kwenye pedi. Kutoka kilomita 80 zinatosha mara 27, maana nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Ongeza kasi kwa theluthi moja na unachotupa kinakaribia kuwa mara mbili.

Sasa fikiria barabara zetu zinavyokatiza vijiji. Tuta, mita mia nne, kivuko cha wanafunzi, tuta, tuta jingine. Dereva mwenye haraka hukanyaga hadi 80 kati ya tuta na tuta kisha hushika breki. Mwenzake anaishia 50, ambayo ndiyo sheria penye makazi. Kwa kila tuta wa kwanza ametupa mililita 37 hivi, wa pili kama 15. Baada ya matuta arobaini tofauti yao inakaribia lita nzima.

Kinachookoa mafuta, basi, ni kutonunua mwendo ambao utautupa dakika ijayo. Ukiona mbele taa nyekundu, mkia wa foleni au daladala inayoelekea kituoni, ondoa mguu kwenye mafuta mapema na uliache gari lijiendee likiwa kwenye gia. Acha nafasi mbele yako. Wapo watakaochomekea, na hilo linauma, lakini mtu akichomekea mbele yako umepoteza sekunde mbili, ilhali ukimbana wa mbele utakuwa unagusa breki kila anapoigusa yeye. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba uendeshaji wa papara, wa kukanyaga na kufunga breki ghafla, hupunguza kilomita unazopata kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 katika mwendo wa barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 katika foleni ya simama-nenda. Kwa gari lisilo na ubovu, hakuna spea Ilala wala Kariakoo inayokaribia asilimia hizo.

Wengi wakisikia haya huanza kuondoka kama wanaosindikiza msiba. Si lazima. Injini ya petroli hufanya kazi vibaya zaidi inapobanwa pumzi, yaani pale mguu unapogusa mafuta kidogo sana na injini ikahangaika kuvuta hewa kwenye tundu dogo. Kuondoka kwa nguvu ya wastani, ukabadili gia mapema kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, kisha ukatulia kwenye mwendo utakaoushika, ni bora kuliko kujikokota kwenye gia ya pili. Kwa gari la otomatiki, legeza mguu kidogo likishachanganya. Utalisikia likipandisha gia lenyewe. Haibridi, yaani gari lenye injini na mota ya umeme, kama Prius na Aqua, hung'ara foleni kwa sababu hiyohiyo ya breki: ukipunguza mwendo mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nishati kwenye betri, badala ya kuiacha yote iishie kwenye pedi.

Suala la nyutro linahitaji kuelezwa vizuri kwa sababu linaua. Kwenye gari la kabureta, kushuka mteremko kwa nyutro kulikuwa na mantiki ya mafuta, maana kabureta ilinyonya kidogo kila injini ilipozunguka. Magari yetu ya leo ni ya nozeli. Ukiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye mafuta, kompyuta ya injini hutambua kwamba magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, nayo hufunga nozeli. Mafuta yanayoingia ni sifuri. Ukitia nyutro, injini imeachana na magurudumu, na nozeli zinalazimika kufunguka ili isizime. Anayeshuka mlima Kitonga kwa nyutro anachoma mafuta ambayo mwenzake aliye kwenye gia hayachomi. Zaidi ya hapo ameitupa breki ya injini, na mzigo wote umeangukia pedi ambazo zikipata moto sana hazishiki tena. Kuna wanaosema kwenye kimteremko chepesi gari la nyutro huserereka mbali zaidi, na hesabu yao haina kosa. Ila kilichomo ni matone tu.

Mlaji asiyekupeleka popote tunamlisha kila siku. Injini ndogo ikiunguruma bure hunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na AC ikiwaka inasogea juu. Mtu wa Mbagala au Kimara anayesimama jumla ya saa moja kwa siku, kwenda na kurudi, akitumia lita 0.8, kwa siku 22 za kazi amechoma lita 17.6 bila kusogea. Ukichukulia lita kwa shilingi 3,000 kwa urahisi wa hesabu, hiyo ni 52,800. Kuwasha injini upya hugharimu mafuta ya takriban sekunde 10 za kuunguruma, kwa hiyo trafiki akishika njia na unajua kwa mazoea kwamba hatakuachia kabla ya dakika tatu, zima. Isipokuwa kama betri yako imeshachoka, kwani gari likigoma kuwaka katikati ya makutano, honi utakazopigiwa hazina thamani ya mafuta hayo. Kuhusu kupasha injini dakika kumi asubuhi, hiyo nayo tumeirithi kutoka kwenye kabureta. Kwa joto la Pwani nusu dakika inatosha, kisha ondoka taratibu kilomita ya kwanza.

AC inakula, hilo halina ubishi. Kompresa huzungushwa na injini, na mzigo huo huonekana zaidi gari linapokwenda polepole na safari ikiwa fupi, kwa sababu kazi kubwa ya AC ni dakika za mwanzo, inapoondoa joto lililojifungia ndani. Fungua vioo vyote kwanza, hewa ya moto itoke, ndipo uwashe. Barabara kuu mambo yanageuka: kasi ikizidi 80, vioo vilivyo wazi huongeza upinzani wa upepo, na AC haionekani tena kuwa anasa. Sitamwambia mtu aliyevaa tai, Dar, mwezi wa Februari, azime AC kwenye foleni. Kila mtu ana bei ya jasho lake.

Nje ya mji breki hupumzika na upepo hushika usukani wa gharama. Upinzani wake nao hukua kwa mraba wa kasi: kwenye 120 ni mara 2.25 ya ule wa kwenye 80. Ndiyo maana gari lilelile lililotumia vizuri hadi Chalinze likiwa nyuma ya malori linaweza kukushangaza siku uliyolikimbiza usiku. Walioshuka hadi 80 kwa kuogopa kupigwa tochi ya trafiki inayopima mwendo wameokoa faini na mafuta kwa pamoja. Keria ya juu ya paa nayo hulipwa kila kilomita, iwe na mzigo au tupu. Kama uliifunga kwa ajili ya msiba wa mwaka jana, ifungue. Mzigo wa kwenye buti hauna uzito mkubwa kiasi hicho katika hesabu hii: kilo 45 za ziada ni kama asilimia moja, na huonekana zaidi kwenye foleni kuliko kwenye lami iliyonyooka.

Tuje gereji. Matengenezo hayampi mtu mafuta ambayo kiwanda hakikumpa. Yanachofanya ni kuziba mahali yanapovuja. Gari likiwa zima, kubadilisha spea nzima kwa spea nyingine nzima hakuokoi kitu. Mfano mzuri ni chujio cha hewa. Tumefundishwa kwamba kikiziba gari hula mafuta, na kwa kabureta ni kweli. Lakini watafiti wa maabara ya Oak Ridge nchini Marekani waliwahi kuziba makusudi vichujio vya magari ya nozeli na kupima, na ripoti yao ya mwaka 2009 ikaonyesha kwamba matumizi hayakubadilika. Kilichopungua ni nguvu ya kuchanganya. Sababu ni kwamba sensa hupima hewa inayoingia, na kompyuta hupunguza mafuta yaendane nayo. Badilisha chujio kwa wakati wake, hasa kama unaishi barabara ya vumbi, maana vumbi linasaga silinda. Usitegemee tu kuiona nafuu hiyo sheli.

Sensa zenyewe ni habari tofauti kabisa. Sensa ya oksijeni kwenye egzosi ndiyo inayoiambia kompyuta kama mafuta yamezidi au yamepungua. Ikifa, kompyuta inabaki kubahatisha, na hubahatisha kwa kuzidisha. Wizara ileile ya Marekani inasema kurekebisha ubovu mkubwa wa aina hiyo kunaweza kuboresha matumizi kwa hadi asilimia 40. Kwa hiyo taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, pesa ya kwanza iwe ya kupima kwa kompyuta. Gari nyingi za mtumba zinatembea na taa hiyo miaka, nyingine imefunikwa kwa utepe mweusi ili mnunuzi asiione.

Kisha kuna ubovu unaotengenezwa na mafundi wenyewe, na hapa nitasimama kidogo. Gari likichemsha mara moja, fundi wengi wa kwetu huanza kwa kung'oa thamostati. “Hii ni ya nchi za baridi,” anasema, na mwenye gari anakubali kwa sababu kweli huku hakuna baridi. Thamostati ni mlango: injini ikiwa haijapata moto unafungwa ili maji yasiende kwenye rejeta, na unafunguka joto likifika nyuzi 82 hivi. Bila mlango huo maji huzunguka kwenye rejeta muda wote, injini huchelewa kufikia joto lake, na kwenye barabara ndefu yenye upepo huenda isilifikie kabisa. Kompyuta haijui kwamba mlango umeng'olewa. Inasoma tu kwamba injini bado ni baridi, na dawa yake ya injini baridi ni kuongeza mafuta. Unakuwa na gari linaloamini kila saa ni alfajiri. Toyota ndogo nyingi zina taa ya buluu ya joto badala ya mshale. Ikichelewa sana kuzima, au ikirudi kuwaka ukiwa safarini, muulize fundi thamostati aliiweka wapi. Na kama gari lilikuwa likichemsha, chanzo chake kipo palepale: rejeta iliyoziba kwa kutu ya maji ya bomba, feni isiyowaka, kifuniko kisichobana.

Masega ni kisa cha aina hiyo. Wapo wanaokushawishi uyatoe kwenye egzosi eti gari “lipumue” na mafuta yapungue. Masega mazima hayabani pumzi kiasi cha kuonekana kwenye matumizi. Yaliyoziba ndiyo yanayobana, na dalili yake ni gari kuishiwa nguvu kadiri unavyokanyaga. Kilichomo ndani ni madini ya thamani, platinamu, paladiamu na rodiamu, na ndiyo maana anayekushauri kuyatoa mara nyingi ana mnunuzi tayari. Wewe unabaki na taa ya injini iliyowaka na moshi unaowasha macho.

Oili nzito ni hasara ndogo lakini ya kudumu. Injini nyingi za Kijapani za miaka ya karibuni zimeandikiwa 0W-20 au 5W-30, nasi tunazimwagia 20W-50 kwa hoja kwamba ni nzito, inakaa. Pampu na pistoni hulazimika kuisukuma. Kupanda daraja moja tu la uzito, kwa mfano kutoka 5W-30 hadi 10W-30, kunakadiriwa kula asilimia 1 hadi 2. Kama injini imechoka na inakula oili, nzito inaweza kuwa na sababu. Kwa injini nzima haina.

Upepo wa matairi ndio nafuu rahisi kuliko zote, na bado tunaukosea. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, kwa kawaida kwa kipimo cha mgandamizo cha kPa badala ya psi: 220 ni psi 32, na 230 ni psi 33. Namba iliyochongwa kwenye ubavu wa tairi ni kiwango cha juu tairi linachoweza kubeba, usijaze hiyo. Pima asubuhi kabla ya kutembea, maana tairi lenye moto hudanganya. Kila psi moja inayopungua kwenye matairi yote inagharimu kama asilimia 0.2, kwa hiyo gari lililopungukiwa psi 10, na yapo mengi, linapoteza asilimia 2 na linamaliza matairi kingo. Ukiwa hapo, ukitoka safari isiyo na breki nyingi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na moto kuliko nyenzake, kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi, imekamata, na umekuwa ukiendesha huku breki imeshikwa nusu.

Ya sheli yanapita haraka. Petroli hutanuka kwa karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto, lakini matanki yako chini ya ardhi, na joto lake halibadiliki vya kutosha kati ya alfajiri na mchana ili kukupa faida ya kuamka mapema. Okteni ya juu haina nguvu zaidi ndani yake. Huizuia injini kugonga, na injini isiyoihitaji haiioni. Dawa za kumwaga tankini na vifaa vya kufunga kwenye bomba la mafuta vimepimwa na shirika la mazingira la Marekani, EPA, zaidi ya mia moja, na hakuna kilichoonyesha nafuu kubwa. Taa ya mafuta usiizoee: pampu imo ndani ya tanki na hupozwa na mafuta hayohayo, na bei ya pampu inaweza kula akiba ya miezi kadhaa.

Yote haya hayapimiki kama unaendelea kununua mafuta ya elfu kumi, elfu ishirini. Mshale ukipanda na kushuka hivyo, hakuna anayejua gari lake linatumia kiasi gani. Kila mtu anasimulia alichoambiwa siku ya kununua. Hata ile namba ya kilomita kwa lita ya kwenye tangazo la Japani ilitoka maabara. Kwa magari ya zamani ilitokana na jaribio la 10-15 ambalo kasi yake ya juu ilikuwa kilomita 70 kwa saa. Kwa hiyo jaza tanki hadi pampu ijikate yenyewe, andika kilomita za dashibodi, tembea mpaka libaki robo, rudi sheli ileile, pampu ileile ikiwezekana, jaza tena hadi ijikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo kwa tanki tatu kabla ya kugusa chochote, kwa sababu wiki ya mvua na wiki ya likizo ya shule hazifanani. Kisha badilisha kitu kimoja tu, iwe ni upepo wa matairi au mguu wako mwenyewe, na upime tena. Namba ikishuka ghafla siku moja kutoka 13 hadi 10 bila wewe kubadili njia, hiyo ndiyo siku ya kwenda kwa fundi. Nenda na daftari, na kabla hajafungua boneti mwombe apime kwa kompyuta kwanza.